Sura ya Sita: Waksi Huweka, Polishi Hutoa

Ukiuliza gari lipigwe polishi na waksi kila baada ya muda gani, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: kila miezi mitatu. Muosha magari atakuambia hivyo, muuza vipuri atakuambia hivyo, na jirani aliyenunua gari lake la kwanza mwaka jana atakuambia hivyo kwa uhakika kuliko wote. Kasoro ya jibu hili haiko kwenye miezi mitatu. Iko kwenye kale kaneno kadogo "na". Polishi na waksi zimezoeleka kutajwa kwa pumzi moja, kama chai na maandazi, hadi kwenye ubao wa bei wa kituo cha kuoshea magari zinaandikwa mstari mmoja na kutozwa bei moja. Lakini ni kazi mbili zinazopishana njiani. Waksi inapakwa juu ya rangi ikakaa. Polishi inasugua rangi ikatoka. Mwenye gari anayepewa ratiba moja kwa kazi zote mbili ni kama mfanyabiashara aliyeambiwa aweke na atoe fedha tarehe zilezile, bila mtu kumwonyesha salio. Hoja ya sura hii ni kwamba kila polishi inakula mtaji, na mtaji wenyewe hauongezwi tena baada ya gari kutoka kiwandani.

Mtaji huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Unene wa rangi ya gari hupimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kiwandani, bodi huchovywa kwanza kwenye dawa ya kuzuia kutu inayoshikishwa kwa umeme, kisha hupigwa praima, kisha rangi yenyewe, ile nyekundu au ya fedha tunayoitaja tunapomwelekeza mtu gari lilipo. Mwisho juu ya yote hupulizwa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Kwenye gari lisilowahi kurudishwa kwa fundi rangi, matabaka yote manne kwa pamoja mara nyingi huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake huwa kama 35 hadi 50. Unywele wa mtu una maikroni 70 hivi, kwa hiyo ngao yote iliyosimama kati ya rangi na jua ni nyembamba kuliko unywele ulionasa kwenye kitana. Ndani ya klia hiyo kiwanda kimechanganya kemikali zinazomeza miale mikali ya jua kabla haijafika chini. Klia ikipungua, kinga nayo inapungua, na hakuna chupa dukani inayoirudisha.

Sasa tazama polishi inafanya nini hasa. Ni msasa, ila msasa wa ungaunga laini sana uliochanganywa kwenye uji. Watu wengi hufikiri polishi inaziba mikwaruzo kama fundi anavyoziba ufa wa ukuta kwa plasta. Haizibi. Mkwaruzo ni mfereji uliochimbwa kwenye klia, na njia pekee ya polishi kuuondoa ni kushusha uwanja wote unaouzunguka hadi ulingane na sakafu ya mfereji. Mkwaruzo haukupona, klia ndiyo iliyokonda kuufuata. Polishi laini kwa sponji laini inaweza kuondoa chini ya maikroni moja. Kompaundi nzito kwa mashine na pedi ya sufi inaweza kuondoa tatu au zaidi kwa kazi moja, na kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, mahali ambapo rangi ni nyembamba tangu mwanzo na mashine inakandamiza sehemu ndogo, inaondoa zaidi. Mafundi makini hujiwekea mpaka: maikroni kama kumi kwa maisha yote ya gari, basi. Piga hesabu mwenyewe. Ukisugua kwa kompaundi kila miezi mitatu, ukitoa maikroni tatu kila mara, mpaka huo umeuvuka ndani ya mwaka mmoja. Ukitumia ile laini kabisa, umejinunulia miaka michache tu. Na hapo tunazungumzia gari lililoanza na klia kamili, jambo ambalo kwa magari yetu mengi si kweli, kama tutakavyoona.

Ratiba ya miezi mitatu haikutoka hewani, na ni haki kuitetea kidogo kabla ya kuizika. Ilikuwa na akili katika zama zake. Mwaka 1923 kampuni ya Marekani ya DuPont ilitoa rangi iliyoitwa Duco, na General Motors wakaipaka kwenye magari yao ya Oakland ya mwaka 1924. Ilikauka kwa saa chache, pale ambapo rangi za awali zilidai siku nyingi, na iliruhusu rangi za kila namna wakati Ford akiendelea kutoa gari lake kwa weusi mtupu. Lakini rangi hiyo, na zilizoifuata kwa miongo mingi, haikuwa na klia juu yake. Rangi yenyewe ndiyo iliyokuwa ngozi ya nje. Jua liliichoma juu juu ikageuka chokaa, ukipitisha kidole kinatoka na unga. Kuisugua mara kwa mara kuliondoa ngozi iliyokufa na kuonyesha iliyo hai chini yake, na kwa kuwa rangi ilipigwa nene, palikuwa na cha kusugua. Klia ilienea viwandani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980. Gari likabadilika, ushauri ukabaki vilevile. Bila shaka uliwafaa pia wauzaji, maana hakuna mfanyabiashara anayekimbilia kumwambia mteja wake arudi baada ya miaka mitatu.

Zipo gari ambazo bado ziko kwenye zama zile, na mwenye nazo asidhani sura hii inamsema yeye. Gari nyingi nyeupe za kazi, kama pikapu na Land Cruiser za miaka ya nyuma, zilipigwa rangi isiyo na klia, na hali kadhalika gari nyingi zilizopigwa rangi upya gereji kwa bei nafuu. Kuzitambua ni rahisi. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pasipoonekana, chini ya mlango kwa mfano, kisha kitazame kitambaa. Kikitoka na rangi ya gari, hapo hakuna klia, na gari hilo likipauka linastahimili kusuguliwa zaidi ya wenzake. Ikiwa gari ni jeupe, chukua kitambaa cheusi. Kisipotoka na rangi yoyote, usifurahi kwamba hakuna kilichotoka: kilichotoka ni klia, nayo haina rangi ya kuonekana.

Ushahidi wa yote haya hauhitaji maabara. Uko barabarani kila asubuhi, kwenye foleni. Tafuta gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka kumi na tano hivi, hasa lililokuwa jeusi, la buluu au jekundu lililokoza, ulitazame kutoka juu ukiwa umekaa kwenye basi. Milango itakuwa na nafuu. Bampa litakuwa na michubuko ya kawaida. Lakini paa litakuwa na mabaka meupe yenye kingo zilizoinuka, kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga inayobambuka, na boneti litakuwa njiani kulifuata. Rangi ni ileile, siku ya kupigwa ni ileile. Tofauti ni kwamba paa linalala chali chini ya jua na mlango umesimama wima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri linapita juu ya utosi kabisa. Mkazi wa Nairobi asijipongeze kwa baridi yake: mji wake uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na miale ile mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kule bodi la gari linapoa, lakini klia inachomwa vilevile. Na paa lililokwisha kubabuka, hakuna polishi wala waksi inayoliponya. Ni msasa hadi chini, praima, rangi na klia mpya, na bei yake inaijua gereji.

Hapa ndipo msomaji mwenye jicho kali atauliza: kama jua ndilo adui, basi waksi nyingi ndiyo dawa? Nusu ya jibu ni ndiyo. Waksi bora kwa asili ni nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mivumo na minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo hufunika majani yake kwa nta ili yasikauke kwenye kiangazi kirefu. Watu huyakata, huyakausha na kuyapukuta hadi unga wa nta udondoke. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 82 hadi 86, na takwimu hiyo ina maana kubwa kwetu. Nta ya nyuki, hata ile nzuri ya Tabora, huyeyuka kwenye 62 hadi 64, wakati boneti jeusi lililoegeshwa juani mchana linaweza kupita 70. Siku hizi karnauba ina washindani waliotengenezwa kwa kemikali, ambao hukaa muda mrefu zaidi. Lakini wote hao wakishapakwa na kufutwa huacha utando mwembamba mno, na nitakuwa muongo nikisema utando huo ni mwavuli wa jua. Kazi ya kuzuia jua imo ndani ya klia. Waksi ina kazi tatu nyingine: inafanya uchafu uteleze using'ang'anie, inapunguza msuguano wa kitambaa wakati wa kuosha, na inakuwa ya kwanza kuliwa pale kitu kibaya kinapoangukia gari. Kwa maneno mengine, thamani kubwa ya waksi ni kwamba inakuepusha na polishi.

Mfano mzuri ni kunguru. Ndege hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wale takataka, na sasa wameshika miji yote ya pwani, na kila mwembe au mwarobaini wenye kivuli cha kuegesha gari una koloni lao juu. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini ubaya wake mkubwa uko kwenye joto. Mchana klia hupanuka na kulainika kidogo. Kinyesi kikikauka juu yake, jioni klia inaponywea na kukaza hujifinyanga kwa umbo la uchafu ule. Ukiosha kesho yake, doa limeondoka lakini alama yake imebaki, kama kidole kilichobonyezwa kwenye saruji mbichi. Fundi atasema ipigwe polishi. Kama palikuwa na waksi na ukamwagia maji mapema, ukaloweka na kuinua badala ya kusugua, mara nyingi hakuna cha kumpelekea fundi.

Basi waksi ipakwe lini? Kalenda ni mbadala dhaifu wa kuangalia. Vitabu vya magari ya Toyota vinasema jambo lililo karibu na ukweli kuliko miezi mitatu: paka waksi pale ambapo maji hayafanyi tena matone juu ya bodi safi, na bodi liwe limepoa. Bahati mbaya, kitabu kilichomo kwenye droo ya gari lililotoka Japani mara nyingi kimeandikwa Kijapani, na kinaishia kuwa mahali pa kuwekea risiti. Jaribio ni la kikombe cha maji. Osha boneti, mwaga maji polepole, tazama. Yakijikunja kuwa vidonge vya duara vinavyokimbia bodi likiinama, waksi ipo. Yakitandaa kama chai iliyomwagika mezani na kulala pale, waksi imekwisha. Kwa gari linalolala nje pwani na kuoshwa kila wiki, utaona karnauba inaisha kwenye miezi miwili hivi, na waksi za kisasa kwenye minne hadi sita. Linalolala bandani litakwenda zaidi. Lakini kuna tahadhari ambayo wauzaji hawaisemi: vidonge hivyo vya maji vikiachwa vikauke juani vinaacha chumvi yake palepale, duara jeupe kwa kila kidonge, na vituo vingi vya kuoshea vinatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Gari lenye waksi linahitaji kukaushwa kwa kitambaa, tena upesi kuliko lisilo nayo.

Kipimo cha pili ni cha mkono. Bodi likiwa safi na limekauka, ingiza vidole kwenye nailoni nyembamba na uvipitishe kwenye rangi bila kukandamiza. (Mfuko mwembamba wa dukani ndio uliokuwa ukifaa, lakini Kenya iliupiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, nailoni ya mkate inatosha.) Vidole vilivyofunikwa huhisi kile ambacho vidole vitupu havihisi. Ukihisi chembechembe, kama mchanga chini ya shuka, hayo ni mabaki ya lami, utomvu, na vipande vidogo vya chuma kutoka kwenye breki vilivyojichoma kwenye klia. Wengi wakihisi hivyo huomba polishi. Kinachotakiwa ni ule udongo laini wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa juu ya bodi lililoloweshwa kwa maji ya sabuni na kunasa chembe hizo bila kula klia ya maana.

Atasimama mtu aseme: mbona gari langu likitoka kupigwa polishi linameta kama jipya, na nimefanya hivyo miaka mitatu bila kubabuka? Kumeta ni kweli, maana uso uliosawazishwa hurudisha mwanga kwa pamoja. Lakini ule mng'ao wa bei ya chini, unaopatikana kwa robo saa na kitambaa, mara nyingi ni mafuta na vijazio vilivyolala ndani ya mikwaruzo na kuificha. Baada ya kuoshwa mara tatu kwa sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa waksi pia, mikwaruzo inarudi na mwenye gari anarudi kituoni. Ajabu ni kwamba huyu ndiye mwenye bahati, kwa sababu hajalipia kazi halisi. Mwenye hatari ni yule anayepata fundi hodari mwenye mashine, na kumwita kila msimu. Kwa huyo, miaka mitatu bila kubabuka haithibitishi kitu. Klia haitoi onyo inapokonda. Huwa nzima machoni hadi mwaka inapoachia.

Pingamizi la pili ni la mwenye daladala, nalo lina uzito. Gari lake halijawahi kuonja waksi, linafanya kazi kila siku, na abiria hawajawahi kulikataa kwa sababu ya paa. Yuko sahihi. Gari ni chombo cha kazi, na fedha yake ni bora iende kwenye breki na matairi. Waksi haizuii kutu mahali ambapo rangi imeshabanduka, na hakuna injini iliyowahi kufa kwa kukosa mng'ao. Hesabu hubadilika tu kwa anayekusudia kuuza. Mnunuzi wa gari la mtumba hutazama bodi kabla hajafungua boneti, na paa lililobabuka linashusha bei kwa kiasi kinachoweza kununua makopo mengi ya waksi.

Kuhusu tabaka za seramiki zinazotangazwa sana mijini, nitasema kwa ufupi. Zinafanya kazi ya waksi kwa muda mrefu zaidi, na zikipakwa vizuri zinaweza kudumu mwaka au miaka. Hazizuii mawe wala mikwaruzo ya kitambaa kichafu. Na kwa kawaida kabla ya kuzipaka fundi hupiga gari zima polishi, kwa hiyo muulize atapiga nzito kiasi gani, na kama ana mita ya kupima unene wa rangi. Asiyepima anakisia, na anakisia kwa mtaji wako.

Kinachopuuzwa katika mabishano yote ni ndoo. Mikwaruzo ya duara inayoonekana kwenye gari jeusi chini ya taa ya kituo cha mafuta, kama utando wa buibui kuizunguka taa, mingi haitoki barabarani. Inatoka kwenye kitambaa kilichofuta rimu za gari lililotangulia, kikachovywa kwenye ndoo yenye mchanga chini, kikarudi kwenye boneti lako juu ya vumbi kavu. Mimina maji mengi kwanza ili vumbi liondoke lenyewe, tumia sabuni ya magari, ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na kitambaa cha rimu kisiguse rangi. Anayefanya hivyo anaweza kukaa miaka bila kuihitaji polishi.

Hukumu yangu basi ni hii. Waksi: kila maji yanapoacha kufanya matone, na hilo pwani lina maana ya mara sita hivi kwa mwaka kwa karnauba, mara mbili au tatu kwa waksi za kisasa. Polishi: usiipangie tarehe. Iite pale tu palipo na kasoro inayokukera na isiyotoka kwa kuosha wala kwa udongo, na ipigwe mahali palipo na kasoro, si gari zima. Kwa gari lililokuja limetumika ongeza tahadhari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na lililofika likiwa na miaka saba limeshapita mikononi mwa mwenye gari wa kwanza, na huenda mwuzaji naye alilisugua ili lipendeze kwenye picha. Unachonunua ni klia ambayo hujui imebaki kiasi gani. Mita itakuonyesha unene wa matabaka yote kwa pamoja, haitakutenganishia klia, na ile ya kawaida haisomi kitu kwenye bampa la plastiki. Kwa gari la namna hiyo, ubavuni mruhusu fundi apite kidogo kwa polishi laini ikiwa lazima. Boneti na paa vipakwe waksi tu, na mashine mwambie aizime.